Chuo Kikijibu, Nami Nitakujibu

"Soma tena!"

"Nimesoma mara tatu, binti. Sasa unataka nikuimbie?"

"Soma polepole basi, bosi. Neno kwa neno."

Mwenye saluni akashusha miwani puani, akaisogeza simu ya mfanyakazi wake mbali kidogo na uso. Msusi mwenyewe asingeweza kuishika. Mikono yake ilikuwa nyweleni mwa mteja, imejaa mafuta.

"Haya, sikiliza. 'Habari. Pole kwa kusubiri. Usiwe na wasiwasi, nafasi yako ipo palepale. Asante.'"

"Imetoka kwa nani?"

"Namba ngeni. Haina jina."

Msusi akauachia msuko katikati.

"Ni chuo! Jamani, ni chuo! Wamenijibu!"

Saluni nzima ikalipuka vigelegele. Mteja aliyekwisha sukwa upande mmoja akainuka kucheza, nywele za upande wa pili zimesimama wima kama amepigwa shoti, wala hakujali.

Na walikuwa na haki ya kushangilia, maana walisubiri pamoja naye. Huyu msusi, waliyemwita Mwepesi kwa sababu mkono wake hauumizi kichwa cha mtu, alikuwa ameomba kusomea ukunga. Wajawazito walipenda kusukwa naye siku zao zikikaribia, na wakishakaa kwenye kile kiti wanamwaga ya moyoni, hofu zote. Naye akajikuta anatamani kuwa nao hata huko wanakokwenda baada ya kusukwa. Basi akaomba chuo. Majibu yakapigwa kalenda, halafu yakapigwa kalenda tena. Kila akifungua tovuti anakutana na maneno yaleyale: ombi lako linashughulikiwa. Asubuhi hiyo hiyo mteja mmoja, bila kuulizwa na mtu, alisema kasikia nafasi zimejaa. Mwepesi akakosa raha, nusura asuke sikio la mtu.

"Hebu ipigie hiyo namba," alisema bosi.

Akafuta mikono, akapiga.

"Haipatikani."

"Ofisi hizo, mwanangu! Wakishasema lao wanazima. Nenda kamwambie mama yako. Huyu nitammalizia mwenyewe."

Mwepesi akatoka mbio na aproni yake shingoni. Lakini hakuelekea kwa mama yake. Alielekea bucha.

Sasa ngoja nikueleze bucha imeingiaje, maana kulikuwa na jibu la pili lililokuwa linasubiri jibu la kwanza. Kulikuwa na fundi wa mafriji, kijana mrefu, mcheshi wa maneno, mtaa mzima unamwita Baridi. Mcheshi akiongea, lakini mpe simu aandike, anageuka mkavu kama tangazo la kukatika maji. Huyu Baridi alimpenda Mwepesi, na siku moja akajikaza akamwambia.

"Nataka nikuoe. Unasemaje?"

"Chuo kikijibu, nami nitakujibu."

"Mimi na chuo tumekutana wapi?"

"Nikikosa chuo halafu nikakwambia ndiyo, utajiuliza siku zote kama nilikuja kwako kwa kukosa pa kwenda. Sitaki uwe tairi la akiba, Baridi."

"Kwani mimi nimelalamika kuwa tairi?"

"Sitanii!"

"Haya, haya. Nitasubiri."

Akasubiri kweli. Hakununa, hakuharakisha, ila alikuwa anakonda taratibu. Na siku hiyo alikuwa bucha, amelala chali nyuma ya friza lililogoma kugandisha.

"Baridi! Toka huko!"

"Nani? Mwepesi? Kuna nini?"

Alitoka na vumbi kichwani na bisibisi mdomoni. Kabla hajaitoa, binti alishamrukia shingoni.

"Nimekubaliwa! Chuo kimejibu, nimekubaliwa! Na mimi nakukubali! Jibu lako ni ndiyo, ndiyo, ndiyo!"

Bisibisi ikadondoka. Baridi akamnyanyua, akamzungusha mpaka aproni ikakumba mizani. Muuza nyama akagonganisha visu vyake kwa shangwe.

"Hongera, bwana! Hongera sana!"

"Nionyeshe! Nionyeshe walivyoandika!"

Mwepesi akampa simu. Furaha ilikuwa imemjaa hadi machoni. Akasubiri Baridi apige kelele. Baridi hakupiga. Alisoma, akainua macho, akasoma tena. Uso ukamshuka.

"Nini? Mbona umenyamaza?"

"Hamna."

"Hamna nini? Sema!"

Baridi akamtazama muuza nyama, akaitazama simu, akajipangusa jasho kwa mkono wenye vumbi.

"Mwepesi, hii meseji haikutoka chuo."

"Imetoka wapi?"

"Hii namba ni ya huyu bwana hapa."

Muuza nyama akasogea kuchungulia.

"Ee, yangu hiyo. Si ulikuja kuazima simu yangu asubuhi? Imeisha chaji tangu muda ule."

Mwepesi akamgeukia Baridi.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Asubuhi uliniandikia kuwa wanasema nafasi zimejaa, na kama nafasi yako imechukuliwa utafanyaje. Nikitaka kukujibu, simu ikaniponyoka ikaingia kwenye ndoo ya maji. Nikaazima hii. Nilitaka kukwambia, chuo kiseme kisemavyo, nafasi yako kwangu ipo palepale."

"Kwangu! Hilo neno 'kwangu' umeliweka wapi?"

"Nilidhani linajulikana."

"Na 'pole kwa kusubiri'? Na 'asante'? Baridi, nani anamwandikia mpenzi wake 'habari, asante'?"

"Mimi ndivyo ninavyoandika. Siku zote naandika hivyo."

Kweli tupu. Siku zote aliandika hivyo, ila siku zote jina lake lilikuwa juu ya meseji, na macho ya Mwepesi yaliishia kwenye jina.

"Kwa hiyo chuo hakijajibu."

"Hakijajibu."

"Saluni nzima imenipigia vigelegele, Baridi!"

"Nisamehe. Na lile neno ulilonipa sasa hivi..." Akamrudishia simu mkononi. "Lile ulinipa ukidhani umepata chuo. Si langu. Nakurudishia."

Muuza nyama akajifanya ana kazi nyuma. Mwepesi akaondoka analia. Alilia kwa aibu, alilia kwa chuo, na kilio kingine hakujua ni cha nini.

Nyumbani alimkuta mama yake anaanua nguo.

"Bosi wako kanipigia," alisema mama kabla hata ya salamu. "Hongera, hongera! Nikamuuliza hongera ya nini? Yaani habari za mwanangu naletewa na watu."

"Mama, si kweli. Hamna chuo."

Akamweleza yote, pua inavuja. Mama akasikiliza huku anakunja shuka. Lilipofika la "habari, asante", mama alijificha nyuma ya shuka mabega yakimtikisika.

"Mama, unacheka!"

"Sicheki, nimepaliwa. Hebu niambie, mwanangu. Ulipodhani umepata, ulikimbilia wapi?"

"Bucha."

"Kwangu ni karibu kuliko bucha."

"Samahani, mama."

"Silalamiki. Nauliza tu."

Mwepesi akashika ncha ya pili ya shuka, wakakunja pamoja.

"Angeweza kukaa kimya," alisema baadaye. "Angechukua ndiyo yake, mimi nisingejua mpaka siku nyingine kabisa. Mama, alikuwa na furaha! Nilimwona. Alikuwa na furaha halafu akaitoa mwenyewe."

"Sasa unaniambia mimi ya nini?"

Mwepesi akaacha shuka. Simu ya Baridi bado ilikuwa mgonjwa wa ndoo, basi akapiga namba ile ngeni. Safari hii ikaita.

"Haloo, bucha hapa."

"Shikamoo. Naomba uniitie chuo."

"Marahaba. Chuo gani tena?"

"Hicho kilichoniandikia asubuhi. Mwambie aje nyumbani kwetu, nina neno naye."

Muuza nyama akacheka hadi simu ikakwaruza. Kwa mbali Mwepesi alimsikia akiita, "Chuo! We chuo! Unatakiwa!"

Jua lilikuwa linapoa Baridi alipofika. Alikuwa ameoga, amevaa shati la kutokea, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kusomewa hukumu. Akasimama kizingitini, hakuingia.

"Karibu ukae."

"Nimesimama tu, asante."

"Baridi, nisikilize. Pale bucha nilikuwa..."

Simu ikalia mkononi mwa Mwepesi. Meseji. Akaitupia jicho: juu pameandikwa jina la chuo, kamili, herufi kubwa. Chini yake maneno machache tu yanaonekana: Kuhusu ombi lako la kujiunga.

"Ni nini?" Baridi akauliza.

"Chuo."

"Chuo chenyewe?"

"Chenyewe."

"Fungua! Mwepesi, fungua basi!"

Kidole kilikuwa juu ya kioo. Miezi yote ile, simu ikilia bafuni anatoka na povu, na leo jibu limelala kiganjani mwake. Akakitoa kidole.

"Mama!" akaita. "Njoo ushike hii simu. Kaa nayo ndani."

Mama akatokea, akaichukua, akaona jina la chuo, akashika mdomo. Binti akamsukuma taratibu ndani.

"Una wazimu?" Baridi alisema. "Umeisubiri hiyo usiku na mchana!"

"Nikiifungua kwanza, tutaharibu tena. Ikisema ndiyo, utadhani nimekukubali kwa furaha. Ikisema hapana, utadhani nimekukubali kwa machozi. Sasa hivi sijui lolote. Unaniona? Sina chuo, sijakosa chuo."

"Nakuona."

"Niliposoma ile meseji yako, nilimpita mama yangu mzazi nikakimbilia kwako. Sikufikiri, miguu ilikwenda yenyewe. Na ulipokataa kunidanganya, hapo ndipo uliponimaliza kabisa. Nakukubali, Baridi. Chuo kikubali, chuo kikatae, nakukubali."

Baridi, msemaji wa mtaa mzima, akamshika mikono yote miwili, machozi yakamtoka mtu mzima na shati lake la kutokea.

"Safari hii sirudishi," alisema.

"Nani kakwambia urudishe?"

Vigelegele vikapasua nyumba kutoka ndani. Virefu, vya kukata pumzi, hata jirani akafungua dirisha.

"Mama! Hivyo vya nini? Umesoma au ulikuwa unatusikiliza?"

"Vyote viwili!"

Mama akatoka ameinua simu juu, kilemba kimemlegea, analia na kucheka.

"Umechaguliwa, mwanangu! Imeandikwa hapa, umechaguliwa! Masomo yanaanza mwezi ujao!"

Mwepesi akachuchumaa palepale mlangoni, akajifunika uso. Baridi akachuchumaa naye. Mama akawainamia wote wawili, akawakumbatia, simu ikimgonga Baridi kisogoni.

Walipoinuka, mama alimgeukia fundi, akajitia ukali.

"Lakini sikiliza wewe. Mwanangu anakwenda kusoma kwanza. Harusi itasubiri mpaka amalize. Utaweza?"

Baridi akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Mama, hilo lisikupe shida. Kilichokuwa kinanikondesha ni kusubiri jibu, na mimi nimeshajibiwa."