Duru ya Pili ya Maswali

Siku Bi Maswali alipoacha kuja, Fundi alichemsha chai ya watu wawili, akainywa yote mwenyewe. Akampigia. Simu imezimwa. Mezani simu za wateja zililia kama vifaranga, na kila moja ilipolia alishtuka, ingawa mlio wa simu yake aliujua.

Walikuwa wamekutana hapohapo mezani, ghorofa ya chini ya jengo la maduka, watu wakipigana vikumbo. Bi Maswali alivaa gauni la buluu na raba nyeupe, kitambulisho kifuani, dodoso mkononi. Kazi yake ilikuwa kuuliza watu kama wanaridhika na maisha.

"Nipe namba, kaka. Moja huridhiki kabisa, saba umeridhika mno."

"Namba ya simu?"

"Acha utani! Namba ya maisha."

"Andika sita. Saba naiweka akiba."

Kesho yake alirudi na simu iliyopasuka kioo. Keshokutwa akarudi bila simu mbovu yoyote.

Ndipo msimamizi wake alipomkuta pale akicheka hadi machozi, akamvuta pembeni.

"Huyo yumo kwenye sampuli. Duru ya pili tunawauliza watu walewale maswali yaleyale, tuone kama dodoso linaaminika. Ukimzoea utayaharibu majibu yake. Zaidi ya kumuuliza maswali, kaa mbali naye maadamu yumo kwenye sampuli, na usimwambie kwa nini."

Kibarua hicho alikuwa amekisaka mwaka mzima. Akazima simu, maana alijijua: ikiita, angepokea.

Fundi hayo hakuyajua. Alifunga simu za watu akasahau skrubu nje. Dada yake, muuza chaja wa meza ya jirani, akamcheka.

"Umemkosea nini mtoto wa watu?"

"Ningejua, si ningeshaomba radhi?"

Wiki mbili zilipopita, Bi Maswali akatokea. Gauni lilelile, limepigwa pasi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Leo kimevunjika nini?" Fundi akauliza bila kuinua uso.

"Nimekuja kikazi. Maisha yako, moja hadi saba?"

"Mbili."

Kalamu ikagoma. "Lakini mara ile ulisema..." Akajing'ata ulimi. Haikuruhusiwa kumkumbusha.

"Andika mbili. Na hapo nimekuhurumia."

Wakafika swali la mwisho. Fundi akijibu hapana, anabaki kwenye sampuli. Akijibu ndiyo, majibu yake hayafai tena kulipima dodoso, anatolewa, na katazo linaisha. Bi Maswali alisoma taratibu.

"Tangu tulipokuhoji, kuna jambo kubwa limebadilika maishani mwako?"

Fundi akaweka bisibisi chini.

"Ndiyo."

"Jambo gani?"

"Ulikuja. Halafu ukazima simu."

Bi Maswali alilikata jina la Fundi kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi. "Basi umetolewa. Sasa naweza kukwambia." Akamweleza yote, harakaharaka, analia na kucheka.

"Mpenzi, si ungeninong'oneza tu?"

"Ungejibu sita kwa ajili yangu."

"Ningejibu saba."

"Unaona sasa!"

"Usizime simu tena."

"Sizimi. Na wewe?"

"Fundi simu azime simu? Watanicheka mji mzima."

Walioana mwaka uleule, wakaishi pamoja miaka mingi. Fundi alifariki mwaka jana. Simu yake iko juu ya kabati la vyombo, na mkewe huichaji kila Jumapili.