Bustani Iliyoipita Kichangani

Bustani ilikuwa inatembea. Ilishuka barabara kuu ya Jiji la Ilongwe kwa miguu yake ya chuma, polepole, ikiwa imebeba mgongoni miti, mabembea na uwanja mzima wa mpira wa pete uliokwisha kupigwa chokaa. Magari yasiyo na madereva yaliipisha yenyewe.

Mhandisi Mwantumu Chilewa ndiye aliyeibuni. Jiji lilikuwa limefurika watu hadi hakuna pa kuchezea, naye akaja na jibu: kama watu hawana nafasi ya kuifuata bustani, basi bustani iwafuate watu. Akili mnemba aliyoiita Mpangaji ingepima joto la mitaa na uchovu wa wakazi, kisha kila asubuhi iamue bustani ziende wapi. Viwanja vya zamani vingejengwa maghorofa na hakuna ambaye angepunjika. Aliyaamini hayo kwa moyo wote, maskini.

Kiwanja cha kwanza kutakiwa kilikuwa cha Kichangani, mtaa aliozaliwa. Wanawake wa timu ya mpira wa pete waligoma katakata, mpaka Mwantumu alipokwenda mwenyewe kuwaahidi kwamba kila Ijumaa bustani ingesimama mlangoni kwao. Wakamwamini. Waling'oa magoli kwa mikono yao, huku wakiimba.

Leo ndiyo ilikuwa Ijumaa ya kwanza. Timu nzima ilijipanga kando ya barabara na sare zilizopigwa pasi, na kocha wao, Bi Zamoyoni, alikuwa amemshika Mwantumu mkono.

"Ile inakuja, mwanangu! Si niliwaambia hawa, mtoto wetu hawezi kutudanganya?"

Bustani ikafika. Haikupunguza mwendo. Ikanyanyua mguu mmoja, kisha mwingine, ikazipita sare zile na kushika njia ya Vilimani, kule kwenye mahoteli.

Mwantumu alidhani mitambo imeharibika. Alibonyeza simu ya sikioni akampigia Mkurugenzi wa Jiji, Gervas Mbelwa, mtu aliyemlea kikazi tangu atoke chuoni.

"Bosi, bustani imetupita."

"Haijakosea. Vilimani kuna wageni wa mkutano."

"Basi itakuja huku Ijumaa ijayo?"

"Mwantumu, Kichangani haimo kwenye ratiba. Haijawahi kuwamo."

"Lakini Mpangaji anapima uchovu! Nilimuunda mimi!"

"Tulimbadilisha kabla hujakwenda kuongea nao. Sasa anapima mitaa inayoonwa na wageni."

"Mkaniacha niende?"

"Wewe walikuwa wanakuamini," alisema, kwa upole uleule aliomfundishia kazi. "Tungemtuma nani mwingine?"

Mwantumu alikuwa amefanywa chambo, na walionaswa ni watu wa kwao. Nyuma yake, kilipokuwa kiwanja, roboti za ujenzi zilikuwa zimeshafika ghorofa ya tatu.

Aliwageukia wanawake akawaambia yote bila kumung'unya maneno: bustani haitakuja, leo wala siku nyingine, na yeye hakujua. Alitamani wamfokee, hata wampige. Badala yake, mmoja aliinama akaanza kufungua kamba za raba zake.

Bi Zamoyoni aliuachia mkono wa Mwantumu taratibu.

"Tumekusikia, mheshimiwa mhandisi," alisema. "Sasa tupishe, tupite."