Masikio Yasiyokuwa na Kosa

Ndugu zangu, nyumbani kwetu kulikuwa na utulivu. Mama alishona kizingitini, mimi nilitia vifungo, na mdogo wangu wa kike, tuliyemwita Kasuku kwa jinsi alivyopenda kuongea, aliokota vipande vya vitambaa.

"Mama, cherehani inakwaruza, inataka mafuta," alikuwa akisema. Na kweli, ilitaka.

Balaa lilianza alipoingia darasa la pili. Neno zima alilijua, lakini akiambiwa alitenganishe sauti moja moja, alikwama. Wenzake wakamcheka: "Masikio ya mapambo hayo!" Mwalimu akamwandikia mama kwamba mtoto hasikii.

"Kwani mimi hunisikii?" mama akamuuliza.

"Nakusikia, mama."

"Mbona shuleni unabung'aa tu?"

"Sauti zinakuja zote pamoja. Zimeshikana."

"Basi masikio yameziba. Hata cherehani ikikwama, dawa ni mafuta." Akabandika mafuta ya kula jikoni.

Utauliza, msomaji, hakuna aliyekumbuka nani aliyekuwa akiisikia ile cherehani kabla yetu sote? Mimi nilikumbuka. Lakini niliishia darasa la tano, tena ni mwoga wa kusema. Mama aliponiambia, "Mshike kichwa," nilimshika.

Mafuta aliyomtia sikioni yalikuwa ya moto mno.

"Dada, niachie! Dada!"

Hospitalini, daktari alichungulia sikio la kulia.

"Ngoma ya sikio imeungua. Nani aliwaambia ana ugonjwa wa masikio?"

Mama akaeleza habari za shule. Daktari akatikisa kichwa.

"Masikio yake hayakuwa na kosa, mama. Wapo watoto wanaosikia vizuri, ila akili yao hupata taabu kupambanua sauti zilizomo ndani ya neno. Huyu si mjinga. Angefundishwa taratibu, hata kwa kupiga makofi kwa kila silabi, angesoma."

"Na sasa?"

"La kushoto ni zima. Hili siwezi kukuahidi."

Mama aliketi sakafuni, pale pale. Kasuku, kichwa kimefungwa bendeji, akamvuta kanga.

"Mama, sasa nimeshapona? Kesho nitaweza kusoma?"



FUNZO

Mtoto akishindwa kusoma, usimwite kiziwi wala mjinga, na usimtibu kwa kubahatisha. Mpeleke kwa wanaojua kupima. Mtoto mwenyewe akikueleza shida yake, mwamini. Nawe unayeona kosa likitendeka, sema, hata kama hukusoma. Mimi nilinyamaza kwa aibu, na mdogo wangu ndiye aliyelipa.