Kitambaa Chekundu cha Chiriku

"Kunyamaza nako ni kazi?" aliuliza Chiriku, mdomo umejaa mkate. "Mimi nikiamua kufunga mdomo, naufunga! Naweza kukaa mwezi mzima, mnifinye, mnitekenye, msisikie hata 'aa'."

Maneno hayo aliyaanza chai ilipomiminwa, akayamaliza vikombe vilipokwisha kuoshwa, na katikati hakuna aliyepata upenyo wa kumjibu.

Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine zote za safari yao. Kila likizo ndefu, joto lilipopanda, mjomba wake Chiriku, mwokaji wa mikate, alizima tanuri lake, akang'oa rafu ndani ya gari la kusambazia mikate na kupakia magitaa, spika na ngoma. Kisha bendi ikaingia barabarani, mji hadi mji. Gari lilinukia mkate mtupu, lakini mkate wenyewe haukuwemo. Ukisafiri na njaa ndani ya gari lile, utajua maana ya kuonjeshwa harufu.

Bendi yenyewe ilikuwa ya watu wanne tu. Mjomba alipiga gitaa. Fundi, jirani yao mtengeneza redio, alipiga kinanda na kuzibembeleza spika zilizokoroma kama mzee mwenye mafua. Chiriku, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliimba. Ngoma zilipigwa na Kimya, kijana wa nyumba ya jirani, aliyemzidi Chiriku mwaka mmoja tu, na kuzidiwa naye maneno yasiyohesabika. Majina yao ya utani walipewa na mtaa, na mtaa haukukosea.

Sheria ya bendi ilikuwa moja, na Mjomba hakuwa na mzaha nayo. Siku ya onyesho, mwimbaji haongei. Akimaliza chai anafungwa kitambaa chekundu shingoni, na kuanzia hapo ni ishara kwa mikono mpaka jioni atakapopanda jukwaani. Aliyemwona na kitambaa hakumsemesha. Kimya, kwa kuwa aliamka kabla ya jogoo, alikabidhiwa chupa ya maji ya uvuguvugu yenye asali. Yeye ndiye aliyemnywesha mwimbaji, funda kwa funda, kama muuguzi.

"Koo ni kama unga uliokandwa," Mjomba alipenda kusema. "Usipouacha upumzike, mkate hauumuki."

Katika mji wa kwanza na wa pili, Chiriku alivumilia. Alikunja uso, alipiga miguu chini, lakini alinyamaza, na jioni watu wakamshangilia mpaka vumbi likapanda. Ndipo kichwa kikaanza kuvimba.

Njiani kuelekea mji wa tatu, Kimya alimwambia jambo. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa maishani.

"Onyesho la mwisho, baba atakuja. Anaendesha lori la saruji, huwa hayupo nyumbani mwaka mzima. Amepanga apite mji ule siku ile ile. Hajawahi kunisikia nikipiga."

"Atalia machozi," alisema Chiriku.

"Nisipokosea," alijibu Kimya, akatabasamu. Alikuwa anakanda kiwiko cha mkono wake wa kulia, ambacho kilikuwa kimevimba kwa kupiga sana.

Mchana wa mji wa tatu, Mjomba na Fundi walikuwa ukumbini wakifunga nyaya. Chiriku, kitambaa shingoni, alitumwa akapumzike kivulini. Kivuli alichokiona kilikuwa cha ukuta wa uwanja wa mpira, ambako watoto wa mji walikuwa wakicheza mechi, na upande mmoja ulikuwa unachapwa bila huruma. Msichana mmoja akakitazama kitambaa chake.

"Wewe ndiye mwimbaji? Mbona mdogo hivyo? Hata sauti huna."

Wee! Kumwambia Chiriku kwamba hana sauti! Alipanda juu ya pipa lililokuwa kando ya gereji ya matairi, akavua kitambaa, akakipeperusha juu ya kichwa, akaanza. Aliimba, alipiga vigelegele, alimtukana refa kwa mashairi. Waliokuwa wanafungwa wakasawazisha. Waliokuwa wanaziba tairi wakaacha nyundo zao, wakacheka. Alishuka pipani jua limepinda, akifikiri ameushinda mji mzima.

Jioni, ukumbi ukiwa umejaa, Chiriku alifungua mdomo na kilichotoka kilikuwa mlio wa mlango usiotiwa mafuta. Akajaribu tena. Mlango ule ule. Fundi akajitosa kuimba kwa niaba yake, na bora asingejitosa. Watu walianza kwa kucheka, wakaendelea kwa kuzomea, wakamalizia kwa kutoka.

Nyuma ya jukwaa Mjomba alimshika bega. "Umeongea?"

Chiriku alitikisa kichwa kukana.

"Umefanya nini, basi?"

Hapo alikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Njia ilikuwa nyeupe. Lakini aliuona uso wa Mjomba, akaiona ndoo iliyokuwa pembeni, yenye vipande vya barafu vinavyoyeyuka, na miguu ya Kimya kando yake.

"Maji," alinong'ona. "Kimya alinipa maji ya barafu."

Sauti ya kuimba haikuwepo. Ya kusingizia ilitosha.

Mjomba aligeuka polepole. "Barafu hii ni yako?"

"Ya mkono wangu," alisema Kimya. "Umevimba."

"Jana ulikuwa unapiga kama radi. Leo umevimba? Mbona hukuniambia?"

Kimya alitazama chini. Hakusema kwamba aliogopa angepumzishwa na kukosa onyesho la mwisho. Chiriku alijua. Alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake, na alijua.

"Bendi haiendi na mtu asiyesema ukweli," Mjomba akaamua. "Kesho unarudi nyumbani kwa basi."

Asubuhi Kimya alipanda basi. Kabla ya kupanda alimpa Chiriku chupa, ikiwa imejaa maji ya uvuguvugu. "Koo lako lisije likazidi kuuma," alisema. Wala hakumuuliza kwa nini. Laiti angemtukana, huenda yale maji yangepita. Chiriku aliyamwaga nyuma ya gari pasipo kuyaonja.

Sauti ilirudi baada ya siku chache. Walibaki watatu, ngoma zikipigwa na mashine ndogo ya Fundi, ambayo haikuchoka, haikukosea, na haikumfurahisha mtu. Garini, mahali pa Kimya palikaa kapu la nyaya. Chiriku aliongea kidogo sana siku hizo, na Mjomba alimsifu kwa nidhamu. Kila sifa ilimchoma kama cheche ya tanuri.

Hatimaye mji wa mwisho. Alasiri, watu wakianza kuingia, mtu mmoja mrefu alipiga hodi mlango wa nyuma wa ukumbi. Alikuwa amevaa shati jeupe, mikunjo ya pasi bado ikionekana, lakini kucha zake zilikuwa na vumbi la saruji lisilotoka kwa sabuni.

"Samahani, ndugu zangu. Mimi ni baba yake yule mpiga ngoma. Najua kabla ya onyesho hamtaki wageni, ila nimetoka mbali. Yuko wapi?"

Fundi alianza kushughulika na waya ambao haukuwa na kasoro yoyote. Mjomba alimpa mgeni kiti.

"Mzee mwenzangu, nitakuambia kama mzazi. Nilimrudisha. Alimnywesha mwimbaji wetu maji ya barafu, akaua onyesho zima, kisha akanidanganya usoni."

Baba yake Kimya hakukaa. "Mwanangu? Adanganye?"

"Iliniuma hata mimi. Huyu hapa mwimbaji mwenyewe."

Chiriku alikuwa ametokea mlangoni, kitambaa chekundu shingoni. Yule baba alimtazama kwa upole. Kisha akakitazama kitambaa. Kisha akamtazama tena, na upole ule ukaondoka.

"Binti, si wewe uliyekuwa juu ya pipa?"

Fundi aliuachilia ule waya.

"Pipa gani?" aliuliza Mjomba.

"Kule kwenye uwanja wa mpira, karibu na gereji ya matairi. Tairi langu liliniletea matata nikasimama pale kuziba. Mchana kutwa alikuwa anapiga kelele, kitambaa hicho mkononi kama bendera. Nikawaambia mafundi, huyu hata nikiwasha injini ya lori nitamsikia." Akataja jina la mji.

"Lakini huko ndiko..." Mjomba alishindwa kumaliza.

"Kumbe siku ile mlikuwa mji ule?" Sauti ya baba ilipungua. "Mwanangu alikuwa mtaa wa pili, nami nikaziba tairi nikaondoka?"

Mjomba alimgeukia Chiriku. "Ni kweli?"

Mfinye, mtekenye: Chiriku hakutoa hata 'aa'. Machozi tu ndiyo yaliyojibu.

Mjomba alimfungua kitambaa shingoni, akakikunja, akakitia mfukoni. "Leo hatuimbi. Fundi, waombe watu radhi, kisha pakia vyombo. Tunarudi nyumbani. Wewe, Chiriku, utasimama mlangoni kwa kina Kimya na kuyasema haya kwa sauti, mama yake akisikia na mtaa ukisikia. Nami nitasimama kando yako, kwa sababu mtoto aliniambia mkono wake umevimba, na sikuushika hata kuutazama. Akikubali kurudi ngomani, ni hisani yake. Asipokubali, ni haki yake."

Kisha akamwambia yule baba, "Panda nasi, ndugu yangu. Ukamwone."

"Saruji inasubiriwa alfajiri," alijibu. "Nimebakiwa na jioni hii tu. Nitamwona mwakani."

Aliinyoosha vizuri kola yake, kana kwamba onyesho bado lipo. Akamgeukia Chiriku.

"Koo likiharibika, binti, linalala siku mbili tatu, linapona. Jina la mtu ukiliharibu, unahitaji mtu mwingine aje alitengeneze, na si kila siku mtu huyo atapasukiwa tairi karibu nawe. Ungesema kweli ile jioni, ungepigiwa kelele na mjomba wako, basi. Sasa umemnyima mtoto baba yake kwa mwaka mwingine."

Chiriku alifungua mdomo. "Baba, naomba..."

Yule mtu aliinua mkono wake wenye vumbi.

"Kamwambie yeye. Mimi nilishakusikia."