Ubao wa Korongoni

Kila alipotoka shule, Scholastica alipita karakana ya mjomba wake Cornel, fundi seremala wa kijiji cha Ulaya, akafagia maranda. Siku hizo hakufagia tu. Yeye na mjomba walikuwa wanaunda gita la besi la kwaya ya vijana. Mwili wake ulikuwa mninga wa kitanda kilichovunjika, na nyuzi zake waya za breki za baiskeli. Shingo ndiyo iliyokosekana, na shingo ya besi haitaki mti laini: ukikaza nyuzi, inapinda.

"Shikamoo mjomba. Nimepata shingo!" alisema siku moja, akitua ubao mzito uliokuwa mweusi kwa uzee.

"Marahaba. Umeutoa wapi?"

"Nimeokota korongoni."

Mjomba alipitisha kidole kwenye matundu ya misumari. Akamtazama mpwa wake, akautazama ubao. Ulikuwa mti mzuri mno. Akachukua randa, asiulize tena.

Scholastica hakujiona mwizi. Kiangazi chote watu na baiskeli walikuwa wakikatiza korongo kwa chini, juu ya mchanga mkavu. Daraja la mbao lilibaki juu yao kama mifupa ya mnyama, halina wa kulikanyaga. Ubao wa katikati ulikuwa umelegea. Aliung'oa kwa jiwe tu.

Siku ya gulio walifunga uzi wa kwanza. Scholastica akaupiga. Sauti ikatoka nzito, kama mtu anayeguna chini ya udongo.

Lucas, mwanafunzi mwenzake, akacheka mlangoni. "Schola, hiyo ni besi au ng'ombe mgonjwa?"

"Ngoja Jumapili, utanyamaza."

Akaushika uzi ili unyamaze. Mngurumo haukukoma. Ulikuwa unatoka nje. Hapo Ulaya jua liliwaka, lakini juu ya milima mbingu ilikuwa nyeusi tii.

"Maji ya mlimani hayo," Lucas alisema, kicheko kimemwisha. "Yameshafika korongoni. Leo watu wa gulio watapita darajani."

Mama yake Scholastica alikuwa gulioni, ng'ambo ya korongo, na mdogo wake mgongoni.

"Mjomba," alisema, "hiyo shingo ni ubao wa daraja. Wa katikati."

Mjomba alikuwa ameshatoka mbio, Scholastica akamfuata.

Maji mekundu yalikuwa yamezifunika mbao, pengo halikuonekana. Ng'ambo, mama alikuwa ameshaingia darajani, kikapu kichwani, fimbo mkononi. Scholastica akapiga kelele, korongo likaimeza sauti yake. Akapunga mkono kumwambia arudi. Mama, kwa mbali, aliona mkono unaomwita. Akaongeza hatua.

"Usipunge! Unamwita!" mjomba akafoka.

Scholastica akajitupa chini, akaketi kwenye tope mbele ya daraja, mikono miwili kichwani kama mfiwa.

Mama akashtuka, akasimama. Nani amekufa? Akapapasa mbele kwa fimbo. Fimbo ikazama yote, maji yakaipokonya. Kinyumenyume, taratibu, mtoto akilia mgongoni, mama akarudi hadi ukingoni.

Watu waliokuwa wamejaa pale waliuliza nani kang'oa ubao. Scholastica akasimama na tope lake. "Ni mimi," akasema.

Maji yalipopungua, mjomba alibandua ubao wa juu wa meza yake ya kazi, akaubeba begani hadi korongoni. Nyundo akampa Scholastica.

"Nami nina kosa," alimwambia, watu wakisikia. "Niliona matundu ya misumari nikanyamaza, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yameshaanza kuisikia besi. Lakini wewe ulisema umeokota. Huokotwa kilichopotea, Schola. Daraja halikupotea, lilikuwa linangoja mvua. Kitu cha watu wote kina mwenyewe hata siku ambayo hakuna anayekitumia."

"Na besi, mjomba?"

"Besi itasubiri mti wa halali. Haya, gonga. Watu wanataka kuvuka."