Mikono ya Wazee

Haya yalimfika rafiki yangu Parjan, fundi wa ala za majambia hapa mjini Solo. Alinisimulia huku mikono kaificha kwapani.

Mama Suminah, mjane wa jirani, alimletea ala ya jambia la ukoo wao. Mbao ilikuwa ya kahawia, ila pa kushikia palikuwa peusi ti kwa viganja vya vizazi sita.

"Nifutie vumbi tu, baba. Mikono ya wazee usiiguse."

Ndivyo ukoo wao ulivyouita weusi ule.

"Mama nawe! Uchafu una wazee?" Parjan alicheka. "Nitakurudishia inang'aa kama bibi harusi."

Mama alipoondoka, akashika msasa. Karakana yake ina giza hata mchana, akawa anasugua kwa kupapasa mpaka weusi wote ukatoka. Akauweka msasa mezani afute jasho. Sauti ya kusugua haikukoma. Kwaruu, kwaruu, taratibu, kama fundi asiye na haraka.

Akatoka mbio kwenda nyumbani. Mkewe alipomtilia maji ya kunawa ale, birika likamponyoka.

"Baba, mikono umeifanya nini?"

Nami nikamwomba anionyeshe. Alisita, kisha akavifungua viganja. Havikuwa na jeraha. Havikuwa na mstari hata mmoja, wala alama za vidole. Vilikuwa laini, vyeupe, kama mbao mpya.

Nikainama nivitazame vizuri. Hapo nikaisikia, karibu kabisa na vifundo vya mikono yake: kwaruu, kwaruu, taratibu, ikipanda kuelekea viwikoni.