Riksha ya Watu Wawili

Walikutana Union Station, jioni moja ya Januari, saa ile ambayo Toronto nzima inataka kurudi nyumbani kwa pamoja. Ubao ulisema treni ya Mississauga imechelewa dakika arobaini. Kijana mrefu mwenye koti la kijivu na skafu iliyofungwa ovyo akajisemea kwa Kiswahili cha Dar, tena kwa sauti: "Treni gani hii? Punda wa Dodoma angeshafika."

Nyuma yake mwanamke akaangua kicheko. Kijana akageuka. Aliona hijabu ya kijani, baibui jeusi chini ya koti la rangi ya maziwa, na macho yaliyopakwa wanja asubuhi kwa haraka na bado wanja umekaa.

"Punda humjui wewe," alisema yule mwanamke. "Akigoma, hagomi dakika arobaini."

"Dada, wa wapi?"

"Etobicoke."

"Kabla ya Etobicoke."

"Arusha. Na usiniite dada, hunijui."

"Basi nikuite nani?"

"Subiri treni ije. Labda nitakuwa nimekuonea huruma."

Treni ilipokuja walikuwa wameshatajiana majina, na Hadi aligundua kwamba Sabreen hakuwa anakwenda Mississauga hata kidogo. Yeye alikuwa wa subway, treni ya chini ya ardhi, na alisimama pale dakika zote zile bila sababu yoyote ya usafiri.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu. Hadi alifanya kazi ofisi ya bima, Sabreen alisafisha meno ya watu kwenye kliniki karibu na stesheni ya Kipling, na saa ya chakula cha mchana kila mmoja alijifungia mahali akapiga.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Wewe umepiga mswaki?"

"Unaniuliza kama mgonjwa wako."

"Mgonjwa wangu namfumbua mdomo. Wewe nakufumba."

Hadi alikuwa na ndoto moja tangu utotoni: Japani. Si Tokyo. Alitaka mji mdogo wa milimani wenye chemchemi za maji moto, wageni wanatembea barabarani na makanzu ya pamba, na mtu anakuvuta kwenye riksha, kile kigari cha magurudumu mawili chenye kiti cha watu wawili. Sabreen aliona ni ujinga mtupu, yeye angependa Zanzibar. Lakini alipenda jinsi Hadi alivyokuwa akieleza, mikono inaruka, macho yanang'aa, na akakubali fungate iwe huko. Walinunua tiketi. Riksha waliiwekea nafasi ya Jumamosi moja ya Oktoba, saa tatu asubuhi, kwa majina yao mawili.

Wiki tatu kabla ya harusi, kadi zimeshagawiwa hadi Arusha, Sabreen alipata ujumbe: "Haikuandikwa. Nisamehe."

Basi. Maneno mawili. Alipiga simu, haikupokewa. Akapiga tena, akakuta amefungiwa. Na wiki iliyofuata msikitini, upande wa wanawake, alimsikia mama yake Hadi, Khatijabai, akiwaeleza wenzake huku akimenya chungwa: "Msichana amebadili mawazo. Hawa wenye kazi zao, wana jeuri. Mwanangu hali, halali." Wanawake wakamwangalia Sabreen kwa jicho la pembeni. Rafiki zake wawili wakaacha kumjibu. Mama yake mzazi, Ruqayyah, akaanza kupita mlango wa nyuma wa msikiti.

Kuachwa ni jambo moja. Kuachwa halafu ukaambiwa wewe ndiye uliyeacha, hilo linataka kisasi, na mimi simlaumu. Sabreen alitaka kitu kimoja tu: Hadi aseme kwa mdomo wake, watu wakisikia, kwamba ni yeye aliyevunja. Jina lake lirudi safi. Na kwa kuwa Hadi alijificha, aliamua kuanza na kitu alichojua kitamuuma. Angekwenda kuiishi ndoto ile peke yake, apige picha kila pembe, azimwage mtandaoni mpaka Hadi azione hata akiwa chooni. Alibadilisha tiketi yake aondoke siku moja mapema. Mama yake akainua Kurani mlangoni, akampitisha chini yake, akamwombea safari njema bila kujua safari ni ya nini.

Jumamosi saa tatu kasorobo asubuhi alisimama kwenye uwanja mbele ya stesheni ya ule mji. Palijaa wageni. Mvuke ulitoka kwenye mabomba kando ya njia, hewa ilinuka mayai ya kuchemsha, watu walipita na viatu vya mbao, ko, ko, ko. Sabreen alikuwa amevaa abaya ya rangi ya zambarau na hijabu ya dhahabu aliyoinunua kwa ajili ya fungate. Alikuwa amependeza, na alijua.

Mvuta riksha, kijana wa Kijapani aitwaye Kenta, suruali nyeusi ya kubana na miguu yenye misuli, aliinama akasoma jina kwenye simu yake. Kisha akatazama nyuma ya Sabreen na kutabasamu, akasema kwa Kiingereza cha taratibu, "Na bwana amefika."

Sabreen aligeuka. Hadi alikuwa amesimama pale na skafu imefungwa ovyo, mkononi ameshika simu yenye tiketi ileile.

"Umefuata nini?" Sabreen alisema.

"Wewe umefuata nini? Nilijua huwezi kuja."

"Umejua mangapi wewe!"

"Naomba uchukue wewe. Mimi naondoka."

"Huondoki. Panda."

"Sabreen..."

"Panda, Hadi. Mara ya kwanza ulikimbilia kwenye simu. Humu utakimbilia wapi?"

Akapanda. Sabreen akaweka mkoba wake katikati. Kenta, kwa adabu zote, akauchukua akauweka chini miguuni, akatandaza blanketi jekundu juu ya magoti yao wote wawili na kuwatakia ndoa yenye furaha. Sabreen akaurudisha mkoba katikati. Kenta akainua vipini na kigari kikaondoka.

Mji ulikuwa mzuri kuliko hata Hadi alivyoeleza. Mto ulipita katikati, madaraja mekundu juu yake, nyumba za wageni za mbao zimeinamiana pande zote mbili, majani ya milimani yamekuwa mekundu. Wao hawakuona kitu.

"Nieleze," Sabreen alisema. "Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Kuna mwingine?"

"Wallahi hakuna."

"Basi?"

"Nilimwomba Mama apige istikhara. Imekuja mbaya."

Sabreen alimtazama kana kwamba hajasikia. Istikhara anaijua, kwao kila mtu anaijua: unampigia sheikh, nia unaiweka moyoni bila kumwambia, yeye anafungua Kurani na kukujibu ni nzuri au mbaya. Lakini ya ndoa huulizwa kabla ya posa. Haiulizwi baada ya kadi kufika Arusha.

"Uliuliza wiki tatu kabla?"

"Nilikuwa nanunua nyumba, nikaingiwa na hofu. Nikasema bora nihakikishe yote mawili."

"Nyumba na mimi. Pamoja."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Na mama yako anazunguka msikitini kwamba mimi nimekuacha!"

"Anasema hivyo?" Hadi aligeuka kwa mshtuko. "Sikujua. Nilimwambia yameisha tu, asiniulize."

Kenta alisimama juu ya daraja, akaomba simu ya mmoja wao awapige picha. "Karibianeni," alisema. Hakuna aliyesogea. Alipiga hivyohivyo, mwanamke amekunja uso, mwanaume ameinamisha kichwa, mkoba katikati.

Sabreen alipochukua simu yake, hakuirudisha mfukoni. Aliwasha spika na kumpigia Khatijabai. Mississauga bado ilikuwa jioni ya jana, watu wako mezani.

"Sabreen?" sauti ya mama ilikuwa baridi. "Leo umenikumbuka?"

"Salaam alaikum, Anti. Niko na mwanao hapa. Ana neno la kukwambia. Sema, Hadi. Nani aliyemwacha mwenzake?"

Riksha ilikuwa inapanda kilima, Kenta anahema. Hadi alifumba macho. "Ni mimi, Mama. Sabreen hana kosa. Istikhara ilikuja mbaya, nikamwacha."

"Istikhara gani ilikuja mbaya?"

"Ile, Mama. Ya Sabreen. Nilisoma jibu la sheikh kwenye simu yako, ulikuwa unasali. Ya kwanza nzuri sana, ya pili mbaya, aache."

Khatijabai akapiga ukelele uliomfanya Kenta ageuke.

"Arre, Hadi! Ya kwanza ndiyo ya Sabreen!"

"Lakini nilikwambia uulize ya nyumba na ya Sabreen..."

"Nani anatanguliza nyumba mbele ya bibi harusi? Nia nimetia mimi! Ya kwanza msichana, ya pili nyumba. Nikataka kukueleza, ukaniambia, Mama, nimeshasoma mwenyewe. Ukaenda kusaini nyumba! Nikajua umeidharau istikhara. Halafu ukasema yameisha, nikajua msichana amekataa. Ya Allah! Nimemsema mtoto wa watu!"

Hadi alikuwa amejifunika uso kwa blanketi la Kenta. Alilia, mtu mzima yule, mabega yanatikisika. "Sabreen, mpenzi wangu, sikujua. Nilidhani Mungu amenikataza."

Sabreen alihisi vitu viwili kwa pamoja, na vyote vilimchoma. Alimpenda. Na alitaka kumsukuma mtoni.

"Sikiliza," alisema. "Sina ugomvi na istikhara. Nina ugomvi na wewe. Umepata jibu zuri kuhusu mimi na bado ukaniacha, kwa sababu hukuniuliza, hukumwuliza mama yako, ulichungulia simu ukakimbia."

"Nifanye nini unisamehe?"

"Alhamisi, baada ya dua, kwenye matangazo. Utashika maikrofoni uyaseme yote. Wanaume wasikie, wanawake wasikie."

"Mbele ya jamaa wote?"

"Mimi niliaibishwa mbele ya nani?" Kisha akamgusa Kenta begani na kumwambia kwa Kiingereza, "Simama hapa. Bwana anashuka."

Hadi alishuka katikati ya kilima. Sabreen aliweka mkoba wake vizuri kwenye kiti kilichobaki wazi, akamwambia Kenta waendelee. Alipofika juu alipiga picha thelathini. Zote alizimwaga mtandaoni.

Na Hadi alisema. Nampa haki yake. Alhamisi ile ukumbi ulijaa, na baada ya tangazo la madarasa ya watoto alisimama, karatasi mkononi, akasoma kila kitu: ujumbe wake, simu aliyoichungulia, jinsi msichana wa watu alivyobeba aibu isiyo yake. Upande wa wanawake sauti ilitoka kwenye spika. Mmoja baada ya mwingine wakageuka kumtazama Sabreen, safari hii kwa macho mazima. Khatijabai alitambaa kati ya watu waliokaa, akamshika miguu. Wale rafiki wawili wakamtumia mioyo mingi kwenye simu. Ruqayyah alitoka kwa mlango wa mbele, taratibu, akisalimia kila mtu.

Kisasi kilikuwa kimetimia, na kilikuwa kitamu. Jumamosi Khatijabai alileta tena sanduku la posa, limejaa vitambaa, manukato na seti ya dhahabu. Sabreen alijifungia chumbani nalo. Alikuwa mbele ya kioo, amejiwekea kifuani gauni jekundu lenye nakshi, anajicheka mwenyewe, Hadi alipopiga.

"Bibi harusi wangu, una la kuniambia?"

Alikuwa nalo. Lilikuwa neno moja, na lilikuwa ndiyo. "Ninalo," alisema. "Lakini anza wewe, nikusikie."

"Mimi nina raha tu. Miguu bado inaniuma na kile kilima, lakini nina raha. Na nina habari njema! Leo nimempigia sheikh mwenyewe, sikumtuma Mama. Nia moja tu, hakuna kuchanganya. Imekuja nzuri sana, Sabreen. Nzuri sana!"

Gauni lilimshuka mikononi.

"Umeuliza tena?"

"Nihakikishe, mpenzi. Baada ya yote yale."

"Kabla ya kunipigia mimi."

"Mchana huu. Lakini imekuja nzuri, hujanisikia?"

"Nimekusikia." Alikaa kitandani. "Ingekuja mbaya?"

"Haikuja mbaya."

"Sikuulizi hilo. Ingekuja mbaya, leo ungenipigia?"

Hadi alikuwa ndani ya gari. Sabreen aliisikia taa ya kukata kona ikigonga, ikagonga, ikaendelea kugonga. Alimpa muda. Alimwombea kimoyomoyo aseme ndiyo, hata kama ni uongo, na angeuamini.

"Sabreen, mbona unanitega?"

"Mimi sikumwuliza mtu kuhusu wewe, Hadi. Sikuona haja."

Alikata simu. Alilia sana, bila aibu, uso kwenye lile gauni mpaka wanja ukaliharibu, kwa sababu alimpenda mtu yule na alijua atampenda kwa muda mrefu. Kisha akanawa, akalikunja gauni na doa lake, akafunga sanduku na kuliburura mpaka sebuleni, ambako mama yake alikuwa anaandika orodha mpya ya wageni.

"Mama, wapigie waje walichukue."

Ruqayyah aliweka kalamu chini. "Kafanya nini tena?"

"Hakufanya kitu. Safari hii ni mimi niliyemwacha. Na watu wakiuliza, waambie hivyohivyo."